Njozi na Mazingaombwe katika Picha za Vijito vya Msituni

Katika fani ya kupiga picha kuna mtindo mmoja uliopendwa na watu wengi mno, na labda kwa sababu hiyo haukuchunguzwa vya kutosha. Ni mtindo wa kupiga kijito cha msituni hata kikaonekana kana kwamba hakimo duniani. Maji yake hayana matone wala mawimbi, bali yametandazwa juu ya mawe kama kitambaa cha hariri au kama maziwa yaliyomwagika. Miti ya nyuma imezama katika ukungu. Nuru haijulikani yatoka upande gani. Kuvumwani iliyofunika mawe imekolea kijani kisichopatikana kondeni wala mwituni. Mtazamaji huambiwa, pasipo maneno, kwamba hapa ni mahali pa hekaya, na kwamba akikaa kitambo kidogo huenda akamwona jini akishuka kuoga.

Watu waliokwisha kuutolea hukumu mtindo huu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba picha ni nzuri, basi, na uzuri hauulizwi hati. Kundi la pili husema kwamba picha ni ya uwongo, kwa kuwa hapana jicho la mwanadamu lililopata kuona maji ya namna hiyo. Hukumu zote mbili ni nyepesi. Ya kwanza haiwezi kueleza kwa nini picha mia za namna hii hufanana kama chapa za muhuri mmoja, na ya mia na moja humshika mtazamaji asiweze kuondoka. Ya pili haiwezi kueleza kwa nini picha isiyoonyesha kitu kilichoonwa na jicho yaweza kuwa na kweli nyingi kuliko ile iliyokamata kila tone. Makala haya yanakusudia kutafuta kipimo kilicho bora, na kukijaribu juu ya kazi chache zijulikanazo.

Maneno manne

Mintarafu ya jambo hili, msamiati wa Kiswahili una msaada mkubwa. Lugha hii ina maneno kadhaa ya kutaja kionekanacho bila kuwapo, nayo hayalingani. Ndoto humjia aliyelala; haikuchaguliwa naye, na kwa sababu hiyo hashtakiwi kwayo. Mazigazi ni maji yasiyo maji; humdanganya msafiri mwenye kiu, lakini hapana mtu aliyeyatengeneza. Njozi yaweza kumjia hata aliye macho, na desturi ya watu ni kuiuliza maana: njozi hii yasema nini, na yamhusu nani? Neno la nne ni mazingaombwe. Hayo hufanywa kwa makusudi na mtu mwenye ujuzi, nao ujuzi wake hufichwa watazamaji, ili wastaajabu kisha waende zao.

Picha ya kijito haiwezi kuwa ndoto, kwa maana aliyeipiga hakulala. Aliamka alfajiri, akabeba kamera na stendi ya miguu mitatu, akashuka gengeni, akasubiri upepo utulie ili majani yasitikisike. Wala si mazigazi, kwa sababu imetengenezwa. Yamebaki maneno mawili, njozi na mazingaombwe. Na kazi ya mhakiki ni kusema ni lipi kati ya hayo mawili linalostahili picha iliyo mbele yake.

Hata neno kupiga hufikirisha. Aghalabu huonyesha tendo la ghafula, kama kupiga kofi, kupiga risasi, au kupiga chafya. Asiyefikiri sana angesema kwamba kijito kilichongojewa sekunde nzima mbele ya kamera hakikupigwa, kilikingwa kama maji ya mvua. Lakini Kiswahili husema pia kupiga kambi, kupiga soga na kupiga pasi, na hayo yote ni matendo ya muda. Muda, basi, haukatazwi na lugha. Nao ndio chombo cha kwanza cha fani hii.

Muda kama wino

Maji yaendayo hayana umbo moja. Kamera ikifunguliwa kwa 1/500 ya sekunde, matone husimama hewani kama shanga za kioo. Ikifunguliwa kwa 1/15, matone hujinyosha yakawa nyuzi. Kwa nusu sekunde nyuzi huungana zikawa kitambaa, lakini mkondo bado hujulikana unatoka wapi na unakwenda wapi, na jiwe lililozama hujulikana kwa mkunjo ulio juu yake. Kwa sekunde 30 mkondo hupotea, pakabaki moshi mweupe usio na mbele wala nyuma. Vipimo hivi hubadilika kwa kadiri ya kasi ya maji na umbali wa kamera, lakini utaratibu wake ni huo.

Yafaa kuangalia kwamba tone lililosimama nalo halikupata kuonwa na jicho. Wanaoishitaki picha ya hariri kuwa ni uwongo hawana budi kuishitaki na picha ya shanga. Jicho la mwanadamu huona kitu kilicho kati ya hizo mbili, tena huona likisaidiwa na sikio. Kila picha ya maji yaendayo ni tafsiri, na tafsiri haihukumiwi kwa kuulizwa kama ni sawasawa na asili neno kwa neno. Huulizwa imehifadhi nini na imepoteza nini.

Kwa hiyo kuchagua kati ya nusu sekunde na sekunde 30 si jambo la ufundi peke yake. Ni kuchagua maana. Mchana nuru huwa nyingi, na mpiga picha hulazimika kuweka filta nyeusi mbele ya lenzi ili aweze kungoja. Filta ya daraja 6 hupunguza nuru mara 64, hata picha iliyohitaji 1/60 ya sekunde ikataka sekunde moja na kidogo; ya daraja 10 hupunguza takribani mara 1,000, hata picha ileile ikataka sekunde kama 17. Ya kwanza aghalabu huacha kijito kikiwa kijito. Ya pili mara nyingi hukigeuza kuwa wingu. Iko pia filta ya kuondoa mng'ao, nayo hupendwa na wapiga picha wa misituni kwa kuwa majani na mawe yaliyolowa hurudishiwa rangi yake. Lakini ikizungushwa mpaka mwisho huweza kuondoa na kivuli cha mbingu kilichomo majini. Na kijito kisicho na kivuli cha mbingu kimepoteza nusu ya mazungumzo yake.

Tangu lazima hata hiari

Katika siku za kwanza mambo haya hayakuchaguliwa. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya njia ya Boulevard du Temple, mjini Paris. Kamera yake ilihitaji dakika kadhaa, na kwa muda huo magari ya farasi na watu waliokuwa wakipita walifutika wote. Alibaki mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu. Fundisho la picha ile halijapitwa na wakati: muda mrefu hufuta kiendacho na kuhifadhi kisimamacho.

Roger Fenton, Mwingereza anayejulikana zaidi kwa picha za vita vya Crimea alizopiga mwaka 1855, alikwenda Wales mwaka 1857 akapiga mito ya Llugwy na Lledr karibu na Betws-y-Coed. Alitumia mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa na kutumiwa yangali mabichi, hata ikambidi kuyaandaa na kuyasafisha palepale kabla hayajakauka. Dawa ile ilikuwa nzito kupokea nuru, na katika kivuli cha bonde haikuweza kukamata maji yaendayo kasi. Maji ya Fenton, basi, ni meupe na laini, kama ya wapiga picha wa leo. Hata hivyo picha zake hazina hata chembe ya hekaya. Mawe yake ni mazito. Mipasuko yake yahesabika. Mtazamaji ajua ni wapi angeweza kukanyaga na ni wapi angeteleza. Weupe wa maji umekuwa kama kimya katikati ya maneno, nao huyafanya mawe yaseme kwa sauti zaidi.

Yalipoenea mabamba makavu, mwishoni mwa miaka ya 1870 na baadaye, ikawezekana kukamata maji kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tangu hapo ulaini wa maji haukuwa lazima tena, ukawa hiari. Ni hapo ndipo swali la njozi na mazingaombwe lilipozaliwa, kwa maana mtu hawezi kuulizwa juu ya jambo asilolichagua.

Ulaini na mpaka wake

Mmoja wa watu wa kwanza kuutetea ulaini kwa hoja alikuwa Peter Henry Emerson, tabibu aliyepiga picha za mabwawa na matete ya Norfolk, na aliyechapisha kitabu chake cha nadharia, Naturalistic Photography, mwaka 1889. Hoja yake ilikuwa kwamba jicho haliyaoni mambo yote kwa ukali ulio sawa. Huliona wazi lile linalolitazama, na mengine hufifia. Picha nayo na iwe hivyo. Lakini aliweka mpaka: ulaini usifike kiasi cha kuvunja muundo wa kitu. Ingawa yeye mwenyewe baadaye aliandika kijitabu cha kuikana nadharia yake, mpaka ule haukukanushika, na wengi waliomfuata wakauvuka bila kuutazama.

Waliomfuata, katika Ulaya na Marekani, walitaka picha ishindane na uchoraji. Walichapa kwa gundi na rangi, wakapiga brashi, wakafuta walichokichukia. Katika kazi zao iko moja isiyoweza kupuuzwa katika mjadala huu, nayo ni The Pond—Moonlight, yaani Bwawa katika Mbalamwezi, ya Edward Steichen. Ilipigwa mwaka 1904 huko Mamaroneck, katika jimbo la New York, na nakala zake zijulikanazo ni tatu tu. Moja iliuzwa mnadani mwezi wa Februari 2006 kwa zaidi ya dola 2,900,000, bei kubwa kuliko zote zilizokuwa zimetolewa kwa picha mnadani hadi siku ile. Yaonyesha maji matulivu, ukuta wa miti, na nuru ya mwezi ikichungulia kati ya vigogo kisha ikirudi tena majini. Rangi yake haikutoka katika kamera. Steichen aliitia kwa mkono, tabaka juu ya tabaka.

Picha hii ni mtihani mgumu kwa yeyote atakaye kuushutumu mtindo wa njozi. Imefifishwa, imetiwa rangi, na jina lake halisemi ni bwawa lipi; lakini yaishi. Sababu ni mbili. Kwanza, ndani ya ulaini wake wote kuna vigogo. Vimesimama wima, vya giza, na kati yake nuru imepata mahali pa kupenya. Viking'olewa hivyo, mwezi hauna pa kuchungulia na picha yote yamwagika. Pili, mkono wa fundi haukufichwa. Anayeitazama ajua kwamba mtu ameitia rangi, kama asomaye shairi ajuavyo kwamba vina havikujipanga vyenyewe. Mazingaombwe huanza pale mkono unapofichwa.

Kutokana na haya kipimo chaanza kuonekana. Njozi haina budi kuegemea kitu kisicho njozi. Washairi wa pwani walilijua jambo hili zamani sana katika matumizi ya fumbo. Mshairi atakaye kusema juu ya nchi au ndoa kwa mfano wa jahazi hana budi kwanza kulijua jahazi: asichanganye tanga na foromali, wala asilipeleke kaskazini katika msimu wa kaskazi. Wasikilizaji wake ni mabaharia. Jahazi likiwa la uwongo, fumbo huzama pamoja nalo. Vivyo hivyo kijito cha msituni: kikitakiwa kubeba jambo kubwa kuliko maji, na kiwe kwanza kijito.

Kijito chenye jina

Mwaka 1932, huko San Francisco, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao waliunda kundi lililojiita f/64, kwa jina la tundu dogo la lenzi liletalo ukali toka mbele hata nyuma. Waliukataa ulaini, gundi na brashi. Mtu angedhani kwamba huo ndio mwisho wa njozi. Haikuwa hivyo, na ushahidi bora ni kazi ya mtu asiyekuwa wa kundi lile, Eliot Porter.

Porter, aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa tabibu kwa elimu. Aliacha kazi ya utafiti akashika kamera, na alitumia rangi wakati ambapo wengi wa rika lake waliona kwamba picha yenye heshima ni nyeusi na nyeupe. Kati ya kazi zake mashuhuri ni picha ya bwawa dogo la kijito cha Pond Brook, katika New Hampshire. Yaonyesha majani yaliyoanguka yakilala juu ya maji, na maji yakipokea rangi za mbingu na za miti ambayo yenyewe haionekani. Hapana ukungu wala hariri. Majani yaonekana wazi moja moja. Hata hivyo mtazamaji hupotewa na mahali: ajiuliza kama anatazama chini au juu, na kama kile kilicho kati ya majani ni kina cha maji au kina cha mbingu. Hiyo ni njozi kamili, nayo imejengwa kwa vitu vinavyoweza kuokotwa kwa mkono.

Tena picha ile ina jina na tarehe: Pond Brook, 4 Oktoba 1953. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini sivyo. Anayeandika tarehe akiri kwamba majani yale yalikuwapo siku moja, na kwamba siku ya pili yalikwenda na maji. Hali ya njozi yaongezeka kwa kukiri huko, haipungui. Wala isidhaniwe kwamba Porter alikuwa mtumwa wa asili. Uchapaji wake, wa kuhamisha rangi tatu moja baada ya moja juu ya karatasi, ulimpa uwezo mkubwa wa kuamua kila rangi ikolee kiasi gani, naye aliutumia. Tofauti yake na wengine ni kwamba alibadili rangi ili majani yasikike, hakuyafuta majani ili rangi isikike.

Thamani ya tabia hii ilidhihirika mahali pengine, pasipokuwa msitu. Porter alipiga picha katika Glen Canyon, bonde la mto Colorado, na vijito vya magenge yake membamba, ambako maji hubeba rangi ya anga na ya kuta za mawe kwa namna ya kustaajabisha. Kitabu chake, The Place No One Knew, kilitoka mwaka 1963, mwaka uleule milango ya bwawa la Glen Canyon ilipofungwa na bonde likaanza kuzama. Ziwa lilijaa kabisa mwaka 1980. Picha hazikuliokoa bonde. Lakini zilibaki kuwa shahidi, na shahidi husikilizwa kwa sababu ataja mahali, siku na kitu. Lau Porter angalileta moshi mweupe na nuru ielayo, leo pasingekuwa na njia ya kujua ni nini kilichozama.

Kanuni ya jikoni

Mtindo uliotapakaa leo una asili nyingine. Katika miaka ya 1980 Michael Orton, mpiga picha wa Kanada, alianza kuunganisha slaidi mbili za mahali pamoja: moja yenye ukali, ya pili iliyofifishwa kwa makusudi, zote zikiwa zimepewa nuru kupita kiasi. Zikilazwa moja juu ya nyingine hutoa picha yenye mistari iliyo wazi na mng'ao unaoizunguka kama moshi wa ubani. Kwa Orton lilikuwa jaribio la mtu aliyekuwa akitafuta. Kompyuta ililigeuza kuwa kanuni: nakili picha, ififishe nakala, ichanganye na asili, punguza, hifadhi. Kazi nzima yaweza kumalizika kabla chai haijapoa. Ongeza filta ya daraja 10, ongeza buluu kidogo penye kivuli na manjano kidogo penye nuru, na kijito chochote cha dunia chawa kijito kilekile.

Mfano mmoja ni Padley Gorge, katika Derbyshire, Uingereza, ambako kijito cha Burbage Brook hushuka kati ya mialoni iliyopinda na mawe yenye kuvumwani. Ni mahali pazuri, na wapiga picha hukusanyika hapo kila majira ya kupukutika kwa majani. Katika picha nyingi zinazotoka hapo, pamegeuzwa pori lisilopata kuguswa na mtu. Lakini sivyo palivyo. Sehemu zile ziliishi kwa mawe: katika machimbo ya Bolehill, yaliyo jirani, mawe ya kusagia yaliyochongwa na kuachwa bado yamelala kati ya miti, na mawe ya machimbo hayo yalijenga mabwawa ya Howden na Derwent mwanzoni mwa karne ya 20. Jiwe la kusagia ndilo alama ya hifadhi ya taifa iliyopo huko. Msitu wenyewe, basi, una hekaya yake ya kweli, ya watu waliotoa jasho wakaondoka, na miti ikawafuata kufunika nyayo zao. Kanuni ya jikoni haiioni hekaya hiyo. Imeleta nyingine ya kuazima, tena ya bei rahisi, kwa mahali palipokuwa na ya kwake.

Hapa ndipo mazingaombwe yanapojulikana. Hayajulikani kwa ulaini, wala kwa filta, wala kwa kompyuta. Vyombo hivyo havina hatia. Yajulikana kwa kuwa jibu lilikwisha tayarishwa kabla ya swali. Mshairi anayekusanya vina kwanza kisha akatafuta la kusema hutoa beti zilizo timilifu kwa mizani na tupu kwa maana. Hapana anayeweza kumkosoa kwa hesabu, na hapana anayemkumbuka.

Mto unaonywewa

Jambo hili lawahusu wasemaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko linavyoonekana. Mto Zigi hupokea vijito vya msitu wa Amani, katika Usambara Mashariki, hufika bwawa la Mabayani, na maji yake hunywewa mjini Tanga. Amani palijengwa kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, zamani za Wajerumani, na mwaka 1997 msitu wake ukawekwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Katika milima hiyo, juu ya mawe yenye kivuli na unyevu, huota ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na ambalo Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Wazao wake wamejaa madirishani katika nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi wanaowamwagilia maji hawajui kwamba asili yao ni mwamba uliolowa wa Usambara.

Mpiga picha akifika hapo na kanuni yake, atapata moshi mweupe uleule wa Derbyshire. Makangaga yatakuwa kijani cha hekaya, na ua, kama limo, litakuwa doa. Tena liko jambo zito kuliko hilo. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mteremko uliokatwa miti, vijito hushuka vikiwa na rangi ya udongo. Tope hilo ni habari: lasema kilichotendeka huko juu, na laweza kusomwa na mtu wa Tanga anayefungua bomba. Kanuni iongezayo buluu na kurefusha muda hulifuta tope hilo, bila mpiga picha kuwa na nia ya kuficha lolote. Kijito kinachokufa na kijito kilicho hai hutoka vimevaa vazi moja. Jicho lililozoea kuviona hivyo mwaka baada ya mwaka hupoteza uwezo wa kuvitofautisha, na watu hawakitetei kitu wasichoweza kukitofautisha na kingine.

Siku hizi inawezekana pia kuiamuru kompyuta itoe picha ya kijito cha msituni pasipo kamera wala kijito. Wako waliolalamika kwamba huo ndio mwisho wa fani. Lakini yamkini umewafaa wahakiki kwa jambo moja. Picha zinazotolewa hivyo hufanana sana na zile za kanuni ya jikoni, na sababu yake si ya kushangaza: zote mbili zimetungwa kutokana na wastani wa picha zilizotangulia. Picha ambayo mashine yaweza kuitoa bila kwenda mtoni ni picha ambayo mpiga picha naye hakuwa na haja ya kwendea mtoni.

Hukumu

Hapana sababu, basi, ya kuukataa mtindo wa njozi. Fenton aliupata weupe wa maji kwa lazima, akautumia kuyapa mawe uzito. Steichen aliipaka picha rangi kwa mkono, akaacha vigogo visimame. Porter hakulainisha kitu, akapata njozi kuu kuliko wote katika majani ya siku moja. Njia zao hazifanani hata kidogo. Walichoshirikiana ni kwamba kila mmoja alikiacha kitu kimoja kigumu ndani ya picha, kitu ambacho mahali penyewe palikitoa na ambacho hakikuwamo katika mawazo yake kabla hajafika.

Hicho ndicho mhakiki apaswacho kukitafuta akiletewa kijito cha hariri. Aulize jiwe liko wapi na limekaaje. Aulize mkondo unakwenda upande gani. Aulize mti ni mti gani, na maji yana rangi gani ya kwake. Picha ikiweza kujibu mojawapo ya maswali hayo, ulaini uliobaki ni haki yake, na yastahili kuitwa njozi na kuulizwa maana. Isipoweza kujibu hata moja, mtazamaji na astaajabu kidogo kama ilivyo desturi, kisha aende zake.